Stopa ya triga ya kujitengenezea kwenye bunduki ya peintiboli: nilivyofanya, na pale nilipokosea

FundiSaateni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi.

Nimefungua uzi huu kwa sababu mwezi uliopita nilitafuta maelezo ya jambo hili kwa Kiswahili sikupata hata mstari mmoja. Nikafanya kwa kukisia, nikakosea, nikarekebisha. Bora niandike, mwengine asianzie pale nilipoanzia mie.

Kazi yangu ya asili ni Vespa na mashine za boti. Mwaka huu nimepewa na kazi ya kutunza bunduki 14 za peintiboli, ule mchezo wa kupigana kwa vidonge vya rangi, za kiwanja kimoja huku kaskazini Unguja. Nyingi ni Tippmann 98, zile za mwili wa pande mbili unaofungwa kwa skrubu, na nitazungumzia hizo tu. Kiwanja chenyewe ni maweni matupu na vichaka. Siku za kazi wanacheza wageni wa hoteli, sikukuu wanakuja vijana wetu.

Asiyeijua triga ya bunduki hii aivute polepole, mtungi wa hewa ukiwa umetolewa, asikilize kwa kidole. Mwanzo inakwenda bure, haisukumi kitu. Halafu kidole kinakuta uzito. Uzito ukikatika, nyundo iliyo ndani imeshaachiwa, kazi imekwisha. Lakini triga haisimami hapo. Inaendelea kurudi nyuma milimita tatu nne nyengine, mpaka igonge mwili. Safari hiyo ya mwisho haina faida yoyote. Kidole kinaporomoka ghafla kama mguu uliokosa ngazi, kiganja kinakaza, na mtutu unavutika chini. Nilikuwa nawatazama wachezaji wageni: risasi zao nyingi zinaangukia mbele ya walengwa, na wao wanalaumu vidonge.

Stopa kazi yake ni kuikata safari hiyo ya mwisho. Basi.

Nilichofanya ni hiki. Nimefungua mwili, nimetoa triga peke yake. Nimeibana kwenye jiliwa baina ya vibao viwili vya mbao laini ili meno ya jiliwa yasiikwaruze. Nimetia alama kwa ncha ya chuma kigumu, chini ya pale kidole kinapokaa, kisha nimetoboa tundu la milimita 2.5 kutoka mbele kwenda nyuma. Tundu hilo nimelikata nyuzi kwa tapu ya M3. Ndani nimetia skrubu ya M3 isiyo kichwa, ile inayozungushwa kwa alenki ya milimita 1.5. Ncha ya skrubu inatokeza nyuma ya triga, na ukivuta inagonga mwili mapema kabla triga haijafika mwisho. Ukitaka kurekebisha huna haja ya kufungua kitu, unaingiza alenki kwa mbele.

Tapu ya M3 ni nyembamba kama njiti ya kiberiti na inavunjika kwa hasira kidogo tu. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, toa uchafu, rudia. Ikikatikia ndani, triga hiyo umeipoteza.

Mwenye uzoefu aongeze. Makosa yangu nitayaeleza, niacheni kwanza nikafungue karakana.

Kijana_Temeke

Mkuu heshima yako. Mimi niko Dar, nina bunduki mbili za aina hiyohiyo, tunacheza na madogo wa mtaani kwenye eneo la mjomba wangu huko Kigamboni. Swali langu: kwa nini ukate safari ya nyuma tu? Ile ya mbele, ya bure, ndiyo inayochelewesha. Mimi nataka kidole kiguse tu, itoke. Nikitia skrubu mbili, moja mbele moja nyuma, si nitapiga haraka mara mbili?

FundiSaateni

Kijana, ukitaka utafanya, lakini nisikilize kwanza.

Ndani ya bunduki kuna nyundo, kipande cha chuma kizito kinachosukumwa na springi. Kinachoizuia isende mbele ni kilimi kidogo, wenyewe wanakiita sia. Mkia wa triga unainua upande mmoja wa kilimi, upande wa pili unashuka, nyundo inaachiwa. Inakwenda mbele, inakifungia kidonge mtutuni, inagonga vali. Hewa inatoka njia mbili: ya mbele inakitupa kidonge, ya nyuma inairudisha nyundo mpaka kilimi kiikamate tena.

Sasa tazama tundu la pini kwenye kilimi hicho. Si la duara, ni la mviringo mrefu. Maana yake kilimi kinaweza kuteleza mbele na nyuma kidogo. Kikishaachia nyundo, springi yake inakitelezesha kitoke juu ya mkia wa triga, ndiyo maana hata ukiendelea kushikilia triga nyundo inakamatwa tena na hazitoki risasi mbili. Ili uweze kupiga tena, lazima triga irudi mbele mpaka mkia wake upite chini ya kilimi upya.

Safari ya mbele unayoiita ya bure ndiyo nafasi ya kurudi. Ukiikata sana, mkia hauwahi kushuka. Unaendelea kukiegemea kilimi kwa chini, na kilimi kinaishika nyundo kwa ncha tu.

MzamiajiNungwi

Hapo kwenye "kwa ncha tu" naomba nieleze niliyoyaona kwa macho yangu.

Mie nafanya kazi na watu wa kuzamia, na bunduki za jamaa mmoja zilikuwa zinaletwa kwetu kujazwa hewa. Kompresa ya kuzamia inajaza hewa kwa mgandamizo wa baa 200, na mitungi yao midogo ni ya psi 3,000, yaani karibu baa 207, kwa hivyo inakubaliana vizuri. Siku moja kijana kaja na bunduki yenye skrubu mbili kama anavyotaka ndugu wa Temeke. Akasema njoo uone triga ilivyo nyepesi. Akavuta mara moja. Bunduki ikaanza kujipigia yenyewe, tatatata, na kidole ameshakitoa! Nyundo inarudi, kilimi kinashindwa kuishika, inakwenda tena. Ikaendelea hivyo mpaka alipofunga hewa kwa mkono unaotetemeka.

Mtutu ulikuwa umeelekea mchangani, namshukuru Mungu kwa hilo. Vidonge saba nilivihesabu, madoa saba ya rangi ya machungwa kwenye mchanga mweupe, mstari mmoja kuja upande wetu. La mwisho lilikuwa hatua mbili kutoka mguu wangu. Sote hatukuwa na barakoa usoni, maana tulikuwa tunajaza mitungi, hatuchezi.

Kidonge cha peintiboli kina uzito wa kama gramu 3 na kinatoka kwa futi 280 mpaka 300 kwa sekunde, yaani mita 85 mpaka 91. Kwenye nguo nzito ni alama ya buluu tu. Kwenye jicho ni jicho lenyewe.

Toka siku hiyo hatujazi bunduki ikiwa imefungwa mtungini. Mtungi uje peke yake.

BintiJangombe

Shukrani Mzamiaji, habari hii imenikaa. Mie huwa nasimamia kundi la wasichana, tunakwenda kucheza mara moja kwa miezi miwili. Bunduki za kukodi, hatuzijui zimefanywa nini ndani. Swali kwa Fundi: mtu asiye fundi, akipewa bunduki getini, atajuaje kwamba triga yake imechezewa vibaya?

FundiSaateni

Da Binti, swali lako ndilo linalonifanya nisilale. Huna haja ya kufungua kitu.

Barakoa usoni, soksi ya mtutu (kile kifuko cha kuuziba mtutu) imevaliwa, mtutu chini. Mwambie mwenye kiwanja akupe nafasi pale pa kupimia kasi ya bunduki. Bila vidonge, ikiwa na hewa, koki bunduki, yaani vuta nyundo nyuma mpaka ishike. Igonge ubavuni kwa kiganja, kwa nguvu ya kubisha mlango. Ikijipiga, irudishe. Halafu vuta triga na uishikilie nyuma, usiiachie. Inatakiwa ipige mara moja inyamaze. Sasa iachie taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto. Ikipiga tena wakati unaiachia, irudishe. Rudia hivyo mara kumi. Ikifaulu kumi zote, vuta haraka mara ishirini. Bunduki nzima inafuata kidole, haikitangulii.

Mwenye kiwanja akikukataza kufanya hivyo, ondokeni na wasichana wako.

Mpemba_Wete

Nasoma kutoka Wete, wenzangu. Hapa kwetu uwanja wa mchezo huu sijauona, lakini niliucheza nikiwa masomoni bara na bunduki yangu ninayo bado.

Mie sikutoboa. Nilikata kipande cha soli ya ndara, kama ukucha wa kidole gumba, nikakibandika kwa gundi ya araldaiti nyuma ya triga pale inapogonga mwili. Nikakipunguza kwa wembe kidogo kidogo. Faida yake ni kwamba haina kelele, triga inagonga mpira, na ukitaka kuitoa unaibandua, bunduki inarudi ilivyokuwa. Kwa mtu asiye na drili wala jiliwa, hii inatosha.

Ubaya wake nao niuseme. Mpira unabonyea. Leo umeupima vizuri, baada ya wiki tatu safari ya nyuma imerudi nusu yake. Na mafuta ya bunduki yakiugusa unavimba. Nimeshaubadilisha mara nne.

Jengine nililolisoma nikalipenda: bunduki za mwanzo za mchezo huu hazikutengenezwa kwa mchezo. Zilikuwa za kutilia alama miti na ng'ombe kule Marekani. Mwezi wa sita mwaka 1981, watu 12 wakazichukua wakaingia nazo msituni huko New Hampshire kutafutana na kunyang'anyana bendera. Aliyeshinda siku ile hakufyatua hata mara moja. Nimelikumbuka hili kwa sababu ya ndugu wa Temeke na haraka yake.

Mie nimekulia kwenye mikarafuu, alama yetu ni ya panga kwenye gome.

Kijana_Temeke

Nimeelewa ya skrubu ya mbele, naiacha. Lakini wacha niseme ukweli, maana mmenitia wasiwasi. Bunduki yangu moja inatoa mbili mbili. Siyo kila mara, kama mara moja kwa kila thelathini. Na mimi mwaka jana nilikipiga tupa kile kilimi ili triga iwe laini. Nilipunguza kidogo tu. Inawezekana ndiyo sababu?

FundiSaateni

Ndugu yangu, ndiyo. Bunduki hiyo toa mtungi sasa hivi, weka kabatini, na madogo wasiiguse.

Kilimi na nyundo vinashikana kwa pembe mbili kali. Ukipiga tupa hata kwa upana wa unywele, pembe imekuwa duara, na ule ugumu wa juu wa chuma umeuondoa. Kila risasi inaila zaidi. Leo ni moja kwa thelathini, mwezi ujao ni moja kwa kumi, halafu itafika siku ya Mzamiaji. Kilimi hicho hakirekebishwi. Usikijaze kwa kuchomelea, usikipinde. Nunua kipya, ni kipande kidogo na hakina gharama kubwa ukilinganisha na bunduki.

Na usidhani stopa ingekusaidia hapo. Stopa inazuia triga, haizuii nyundo.

Mzee_Charahani

Vijana, mie bunduki hizi sizijui. Miaka yangu arubaini na ushei nimeitumia kwenye charahani, na mjukuu wangu ndiye aliyenionesha maneno haya. Nina swali moja kwa Fundi. Skrubu yako ndogo hiyo imeshikwa na nini?

Kwenye charahani kuna skrubu za namna hiyo, hazina kichwa, zinakaa ndani ya chuma na hazibani kitu. Skrubu inayobana kitu inashikwa na ule mkazo wake. Isiyobana kitu haina wa kuishika. Mashine ikitikisika, inatembea yenyewe. Nimeona mashine imesimama kazi siku mbili kwa sababu ya skrubu moja iliyotembea robo mzunguko.

FundiSaateni

Mzee wangu shikamoo. Umenigusa palepale nilipokosea.

Bunduki ya kwanza niliimaliza usiku, karakana imeshafungwa, na nilikuwa na furaha nayo. Niliisogeza skrubu mpaka triga isimame mara tu baada ya uzito kukatika. Nilihisi kama nimevunja njiti kavu: tap, basi, hakuna kinachofuata. Asubuhi nikaipeleka kiwanjani. Mchezo wa kwanza sawa. Mchezo wa pili, mgeni mmoja kajificha nyuma ya jiwe, wapinzani wawili wanamjia, akavuta triga haikutoka. Akavuta tena, hakuna. Akasimama kuitazama, akapigwa vidonge sita karibu karibu. Alitoka na shingo imevimba, hakusema neno baya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinikabidhi bunduki tu akaenda kukaa kivulini.

Nilipofungua, kila kitu kizima. Skrubu ilikuwa imeingia ndani zaidi kwa mtikisiko, kama robo mzunguko. Nyuzi za M3 zina hatua ya nusu milimita, kwa hivyo robo mzunguko ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita na ushei. Kwa vile mie nilikuwa sikuacha nafasi yoyote, hiyo ilitosha kuizuia triga isifike pale kilimi kinapoachia.

Na kulikuwa na ubaya mwengine niliouona baadaye kwa kioo cha kukuzia. Kabla haijagoma kabisa, kilimi kilikuwa kinaachia kwa shida, pembe yake inakwaruzana na nyundo badala ya kushuka wazi. Kulikuwa na mng'aro mwembamba kwenye ukingo, kama makali ya kisu yaliyopita kwenye jiwe. Bunduki ingeendelea hivyo wiki mbili, ningekuwa nimekiharibu kilimi bila hata kukipiga tupa.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Mtungi umetolewa. Nakoki kwa mkono, navuta, nasikiliza nyundo. Naingiza skrubu kidogo kidogo mpaka bunduki igome. Kutoka hapo ninarudisha nyuma mzunguko mmoja mzima, nusu milimita. Bunduki ya mtu binafsi anayeijua na kuisafisha, nusu mzunguko unamtosha. Ya kukodi ni mzunguko mzima, na sipunguzi, hata mtu akiniambia bado inacheza. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayomlinda mchezaji pale mchanga unapoingia, rangi inapoganda ndani, au skrubu inapotembea.

Na skrubu naitia gundi ya kushikia nyuzi, ile ya buluu inayofunguka kwa alenki. Nasafisha nyuzi kwa petroli kwanza, natia tone moja, nasubiri mpaka kesho yake.

Mzee_Charahani

Hapo sawa. Lakini angalia triga yenyewe ni ya nini. Gundi ya namna hiyo kwenye plastiki inaweza kuipasua. Sisi kwenye plastiki tunakata nyuzi kwa kubana kidogo, tunaacha skrubu iingie kwa shida, na hatutii kitu.

BintiJangombe

Na mie niongeze langu dogo. Skrubu ikishakaa mahala pake, ipitisheni rangi ya kucha mstari mwembamba, uanze kwenye skrubu uvuke mpaka kwenye triga. Skrubu ikitembea hata kidogo mstari unakatika na unauona kwa jicho. Nilijifunza kwa kaka yangu anayefunga mashine za boti, anatia kila nati.

FundiSaateni

Da Binti, umenisaidia kuliko unavyodhani. Nimetia jana zote, rangi nyekundu. Sasa kijana wa getini hana haja ya kujua alenki ni kitu gani, anatazama mstari tu kabla hajampa mtu bunduki.

MzamiajiNungwi

Suala la kutu, maana wengi wenu mko karibu na bahari. Skrubu ya chuma cha kawaida hapa Nungwi haimalizi msimu wa kaskazi, inashika kutu na kuganda. Tia stenlesi. Ila stenlesi ndani ya alumini, ukichanganya na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe na skrubu haitoki tena. Sisi kwenye vifaa vya kuzamia tunalijua hilo vizuri. Gundi ya Fundi inasaidia hapo pia kwa sababu inajaza nafasi na kuzuia maji yasiingie. Kila jioni mwili upanguswe kwa kitambaa chenye maji matamu kisha ukaushwe.

Na tafadhali, mafuta ya triga yasifike kwenye chuchu ya kujazia mtungi. Hewa ya mgandamizo mkubwa na mafuta ya namna hiyo havikai pamoja, vinaweza kuwaka.

Mpemba_Wete

Jee, wanaotumia mitungi ya gesi ya kaboni (CO2) badala ya hewa? Yangu ni hiyo.

MzamiajiNungwi

Ile inafuata joto la mchana. Kwenye nyuzi joto 21 inakaa karibu psi 850, na joto likifika nyuzi 31 inapita 1,000. Bunduki uliyoipima saa moja asubuhi kwa futi 280, saa nane mchana wa Februari inaweza kuvuka 300. Hewa ya kawaida kupitia regileta, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo, inatoka kama psi 800 asubuhi na mchana. Kama huna njia ila gesi, ipime kasi mara mbili kwa siku, na mtungi usiuache juani.

Kwa mambo ya triga, elewa kwamba nguvu ikibadilika na nyundo inarudi kwa nguvu tofauti. Mtungi ukikaribia kwisha, nyundo inaweza kushindwa kurudi mpaka mwisho, kilimi kisiikamate, na bunduki ikajipigia yenyewe kwa muda mfupi. Watu wanalaumu stopa, kumbe ni mtungi umeisha.

BintiJangombe

Nina swali lililo nje kidogo ya triga, mnisamehe. Ganda la vidonge ni jelatini. Tumesikia jelatini nyengine inatoka kwa nguruwe. Wasichana wangu wananiuliza kuhusu nguo za kusalia.

FundiSaateni

Ni kweli ganda ni jelatini, na ipo ya nguruwe na ipo ya ng'ombe. Mie nilimwomba mwenye kiwanja aulize kwa anayemuuzia kabla ya kuagiza, na boksi lisiloeleza asilinunue. Wachezaji tunawapa ovaroli, nguo zao wanaziacha chumbani. La hukumu muulizeni sheikh wenu, silisemi mie.

Jelatini hiyo hiyo inanyonya unyevu. Masika hapa vidonge vinavimba, vinakuwa na vibonyo, vinapasukia mtutuni. Rangi inaingia mpaka kwenye kilimi na kuganda kama asali ya zamani. Nikipewa bunduki yenye triga nzito, kitu cha kwanza sigusi skrubu. Nafungua, naosha kwa maji ya uvuguvugu, nakausha, natia tone la mafuta kwenye pini. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo.

Kijana_Temeke

Wakuu, nimerudi. Bunduki ile nimeitoa mtungi na nimewaambia madogo haipo mpaka ipone. Walinuna. Kilimi kipya nimeagiza kupitia jamaa anayeleta vifaa. Ile ya pili nataka niitie stopa ya nyuma tu, kama ulivyoeleza, ila tapu ya M3 nimezunguka Kariakoo sijaipata, wana ya M4 kwenda juu.

FundiSaateni

M4 usitie, tundu lake ni milimita 3.3 na kwenye triga hiyo utabakiwa na ukuta mwembamba utakaopasuka.

Nilete na habari za kwangu. Sikukuu imepita, siku tatu mfululizo, bunduki 14 zote zina stopa ya nyuma na hakuna hata moja yenye ya mbele. Asubuhi na jioni niliitazama mistari ya rangi ya kucha. 13 ziko vilevile. Moja mstari umekatika, skrubu imetembea kama upana wa uzi wa charahani. Hiyo nakumbuka niliitia gundi bila kusafisha mafuta ya tapu vizuri, nilikuwa na haraka ya sala ya Ijumaa. Nimeitoa, nimeiosha, nimeitia upya. Haikugoma wala haikutoa mbili, kwa sababu ya ile nusu milimita.

Kijana mmoja wa Mkwajuni aliyecheza siku ya pili aliniuliza kwa nini bunduki ya leo inalenga. Nikamfungulia nyengine iliyokuwa mezani nikamwonesha skrubu. Aliizungusha kwa kidole triga ile kama dakika tano, anasikiliza.

Temeke, tapu ya M3 ninazo mbili. Ukivuka na boti wiki hii pitia karakana, ulizia fundi wa Vespa, uchukue moja. Na uje na kilimi kile ulichokipiga tupa, nataka nikitazame kwa kioo.

Kijana_Temeke

Jumamosi inshallah, boti ya asubuhi. Nakuja na kilimi na triga zote mbili.